Kutoka Mwani wa Mafia hadi Chumvi ya Mezani: Jinsi Jedwali la Elementi Linavyomsaidia Mwananchi

Ipo dhana iliyozoeleka mwambao kwamba mtu anayeishi kando ya bahari hana haja ya chumvi iliyoongezwa madini joto, kwa kuwa chumvi yenyewe imetoka baharini na madini hayo lazima yamo ndani yake. Dhana hiyo ni rahisi kukubalika katika Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani, ambako samaki, mwani na matumbawe ni sehemu ya maisha ya kila siku, na ambako hakuna kijiji kilicho mbali na maji ya chumvi. Sayansi, hata hivyo, inaonesha vinginevyo. Maelezo yake yanaanzia katika chati inayotundikwa kwenye kuta za maabara za shule za sekondari nchini: jedwali la elementi.

Kwa wengi waliomaliza shule, jedwali hilo hubaki katika kumbukumbu kama orodha ndefu ya alama za kukariri kwa ajili ya mtihani. Kusudi lake ni kubwa kuliko hilo. Jedwali la elementi ni ramani: mahali elementi ilipowekwa panaeleza tabia yake, jamaa zake na mambo inayoweza au isiyoweza kufanya. Mwananchi anayeielewa ramani hiyo, walau kwa mistari yake mikuu, huweza kufuatilia kwa urahisi matangazo kuhusu chumvi, maji salama, hifadhi ya bahari na madini ya taifa.

Elementi ni nini?

Elementi ni kitu halisi kisichoweza kugawanywa kwa njia za kikemia kikatoa vitu vingine vilivyo rahisi zaidi. Chuma, shaba, dhahabu, oksijeni na kaboni ni elementi. Maji si elementi, kwa kuwa huundwa na hidrojeni na oksijeni. Chumvi ya mezani nayo si elementi, kwa kuwa ni muungano wa sodiamu na klorini. Hadi sasa zinatambulika rasmi elementi 118, ambapo nne za mwisho katika kukamilisha mstari wa saba zilipewa majina rasmi mwaka 2016.

Sehemu ndogo kabisa ya elementi yenye tabia ya elementi hiyo huitwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni na, kwa kawaida, nyutroni. Nje ya kiini zipo elektroni, zilizojipanga katika matabaka. Idadi ya protoni ndiyo kitambulisho cha elementi, kama ilivyo namba ya kitambulisho cha raia: haifanani kwa elementi mbili tofauti. Atomu yenye protoni 11 ni sodiamu, yenye 17 ni klorini, yenye 20 ni kalsiamu na yenye 53 ni iodini, ambayo nchini Tanzania hufahamika zaidi kwa jina la madini joto.

Jedwali hupanga elementi kwa kufuata namba hiyo, kutoka kushoto kwenda kulia, kuanzia hidrojeni yenye namba 1. Ipo mistari mlalo saba, nayo ina elementi 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32, ambazo jumla yake ni 118. Kila mstari mpya huanza pale tabaka jipya la elektroni linapoanza kujazwa. Kwa mpangilio huo, elementi zenye idadi sawa ya elektroni katika tabaka la nje hujikuta katika safu wima moja. Safu hizo ni 18 na huitwa makundi.

Jambo hilo ndilo lililolipa jedwali jina lake jingine la Kiswahili, mfumo radidia. Kuradidi ni kurudia. Tabia za elementi hurudi kila baada ya hatua kadhaa, kama vile maji kupwa na maji kujaa yanavyorudi kwa zamu katika mwambao. Elektroni za tabaka la nje ndizo zinazohusika zaidi atomu zinapoungana au kukataa kuungana. Hivyo, elementi za safu moja hufanana tabia kama watoto wa nyumba moja, ingawa kila mmoja ana nguvu na umbo lake.

Mwani uliotoa moshi wa zambarau

Historia ya jedwali hili ina uhusiano wa karibu na zao ambalo wakazi wa visiwa vya Mafia wanalifahamu vizuri. Kilimo cha mwani, ambacho sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na wanawake, ni miongoni mwa shughuli za kipato katika visiwa hivyo. Mwani unaolimwa huko huuzwa kwa ajili ya kupata utomvu unaotumika kugandishia vyakula, dawa na vipodozi. Miaka zaidi ya 200 iliyopita, mwani wa aina nyingine ulitumika Ulaya kwa kazi tofauti: ulichomwa, na majivu yake yakatoa chumvi za sodiamu na potasiamu kwa ajili ya viwanda.

Mwaka 1811, Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akisafisha vyombo vyenye mabaki ya majivu hayo. Alipozidisha tindikali ya salfa, ulipanda mvuke wa rangi ya zambarau ambao ulipopoa uligeuka fuwele nyeusi zinazong'aa. Uchunguzi wa wataalamu wengine ulithibitisha kwamba hiyo ilikuwa elementi mpya, ikapewa jina linalotokana na neno la Kigiriki la rangi ya zambarau. Ndiyo iodini. Walioichunguza walibaini jambo moja la ajabu: iodini ilitenda kazi kwa namna iliyofanana mno na klorini, ingawa moja ni gesi na nyingine ni fuwele.

Mfanano huo haukuwa wa bahati. Mwaka 1829, mkemia Mjerumani Johann Wolfgang Döbereiner alionesha kuwa baadhi ya elementi huenda tatu tatu. Uzito wa atomu ya klorini ni takriban 35.5 na wa iodini takriban 127. Wastani wake ni kama 81, na bromini, inayofanana nazo kwa tabia, ina uzito wa takriban 80. Hali hiyo hiyo ilionekana kwa kalsiamu, strontiamu na bariamu. Ilikuwa dalili kwamba nyuma ya vurugu ya elementi kulikuwa na utaratibu.

Utaratibu huo ulidhihirishwa kwa ukamilifu zaidi mwaka 1869 na Mrusi Dmitri Mendeleev. Wakati huo elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Mendeleev alizipanga kwa uzito wa atomu zake, huku akihakikisha zinazofanana tabia zinakaa pamoja. Ujasiri wake ulikuwa katika mambo mawili.

La kwanza, pale ambapo hakuna elementi iliyofaa, aliacha nafasi wazi na kueleza mapema tabia za elementi ambayo siku moja ingegunduliwa. Alitabiri elementi yenye uzito wa takriban 72 chini ya silikoni. Mwaka 1886 ikagunduliwa germaniamu, yenye uzito wa takriban 72.6. Kabla ya hapo, galiamu mwaka 1875 na skandiamu mwaka 1879 zilikuwa zimekwisha kuziba nafasi nyingine mbili alizoziacha.

La pili linaihusu iodini. Kwa kufuata uzito pekee, iodini yenye 126.9 ingetangulia teluriamu yenye 127.6. Lakini tabia ya iodini ni ya jamaa za klorini, na tabia ya teluriamu ni ya jamaa za oksijeni na salfa. Mendeleev aliipa tabia uzito kuliko namba aliyokuwa nayo, akaiweka iodini baada ya teluriamu. Alidhani vipimo vya uzito vilikosewa. Vipimo havikukosewa, kilichokosekana ni kigezo sahihi cha kupangia.

Kigezo hicho kilipatikana mwaka 1913, pale Mwingereza Henry Moseley alipotumia miale ya eksirei kuonesha kuwa kila elementi ina namba yake kamili, inayopanda kwa moja kutoka elementi moja hadi inayofuata. Namba hiyo ni ile ya protoni. Teluriamu ikawa ya 52 na iodini ya 53, sawasawa na nafasi ambazo Mendeleev alizipa kwa kuangalia tabia. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 27, lakini kigezo chake ndicho kinachotumika hadi leo.

Safu ya 17 na afya ya Watanzania

Hakuna safu inayoonesha faida ya jedwali kwa mwananchi kuliko ya 17, yenye florini, klorini, bromini, iodini na jamaa zake wazito zaidi. Elementi hizi zote zina elektroni saba katika tabaka la nje na hupungukiwa moja tu ili tabaka hilo likamilike. Kwa sababu hiyo zina hamu kubwa ya kuchukua elektroni kutoka kwa elementi nyingine. Upande wa pili wa jedwali, katika safu ya 1, zipo sodiamu, potasiamu na wenzao, wenye elektroni moja tu katika tabaka la nje na walio tayari kuiachia. Sodiamu inapompa klorini elektroni hiyo, chumvi hupatikana. Metali inayowaka ikiguswa na maji na gesi yenye sumu huzaa kitu kinachotia ladha katika mchuzi.

Safu hii pia huonesha kwamba kufanana si kulingana. Kadiri mtu anavyoshuka katika safu, atomu huwa kubwa na uwezo wake wa kunyakua elektroni hupungua. Florini ni gesi kali kupita zote, klorini ni gesi ya kijani-njano, bromini ni kimiminika cha rangi ya kahawia nyekundu, na iodini ni fuwele.

Watanzania hukutana na safu hii kila siku. Klorini huua vimelea katika maji ya kunywa. Iodini, kwa tabia ile ile iliyopungua makali, hutumika hospitalini kusafishia ngozi na vidonda. Florini, ikiwa katika umbo la floraidi, huimarisha meno kwa kiasi kidogo, lakini ikizidi huleta madhara. Katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, miamba ya volkano imeyapa baadhi ya maji floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na matokeo yake ni meno yenye rangi ya kahawia na, pale kiwango kinapokuwa kikubwa sana, ulemavu wa mifupa. Safu moja, ndugu wa tumbo moja. Lakini kipimo na nafasi ya kila mmoja ndivyo vinavyoamua awe dawa au sumu.

Kwa nini chumvi ya bahari haitoshi?

Hapo ndipo jibu la dhana iliyotajwa mwanzo linapopatikana. Kwa wastani, lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali. Klorini, katika umbo la kloraidi, huchukua takriban gramu 19 na sodiamu takriban gramu 11. Magnesiamu ni kama gramu 1.3, huku kalsiamu na potasiamu zikiwa chini kidogo ya nusu gramu kila moja. Iodini ni takriban mikrogramu 60 tu, yaani sehemu 60 za milioni moja za gramu.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mama mjamzito takriban 250. Wakati huo huo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Gramu 5 ni sehemu moja ya saba ya chumvi iliyomo katika lita moja ya maji ya bahari. Kwa hesabu hiyo, hata kama iodini yote ingebaki katika chumvi wakati wa kuianika, mlaji angepata takriban mikrogramu 9, ambazo hazifikii hata moja ya kumi ya mahitaji yake. Katika hali halisi hupata pungufu ya hapo, kwa kuwa sehemu ya iodini hupotea wakati maji yanapokauka.

Je, klorini, iliyojaa tele katika chumvi, haiwezi kushika nafasi ya ndugu yake? Haiwezi. Tezi ya shingoni, inayoitwa thairoidi, hutengeneza homoni ambazo atomu ya iodini ni sehemu ya umbo lake. Jedwali linaonesha kuwa klorini na iodini zina idadi sawa ya elektroni za nje, lakini linaonesha pia kuwa iodini iko mistari miwili chini zaidi. Atomu yake ni kubwa zaidi na hushikana na kuachana na wenzake kwa namna tofauti. Mwili huijua tofauti hiyo. Iodini ikipungua, tezi huvimba katika juhudi za kukamata kidogo kilichopo, na uvimbe huo ndio unaoitwa rovu. Madhara makubwa zaidi hayaonekani kwa macho: upungufu wakati wa ujauzito unaweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na ubongo usiokua ipasavyo.

Samaki na viumbe wengine wa baharini wana iodini zaidi ya chumvi ya bahari, na kuwala ni jambo jema. Hata hivyo, kuishi kisiwani peke yake si kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa upungufu wa iodini ulikuwa ukiendelea Unguja na Pemba, visiwa vilivyozungukwa na bahari ile ile ya Hindi inayoizunguka Mafia.

Kwa kuzingatia hali hiyo, Tanzania iliweka katika miaka ya 1990 kanuni zinazotaka chumvi ya matumizi ya binadamu iongezwe madini joto. Kinachoongezwa ni potasiamu iodeti, muungano wa potasiamu, iodini na oksijeni. Potasiamu ni jirani wa chini wa sodiamu katika safu ya 1, hivyo huchanganyika na chumvi bila kuibadilisha. Umbo la iodeti hupendekezwa katika nchi za joto kwa sababu huhimili unyevu na joto kuliko umbo la iodaidi.

Matumbawe: kumbukumbu iliyoandikwa kwa safu ya 2

Mfano wa pili kutoka Mafia uko chini ya maji. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Miamba yake ya matumbawe hujengwa na wanyama wadogo wanaochukua kalsiamu kutoka katika maji ya bahari na kuiunganisha na kaboni na oksijeni kuwa kalsiamu kaboneti, yaani jiwe la chokaa.

Wahenga wa visiwa hivyo waliitumia kemia hiyo kabla ya kuwapo kwa jedwali. Magofu ya Kua, katika Kisiwa cha Juani, ni majengo ya mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Jiwe la tumbawe likichomwa katika tanuri hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubakiza chokaa kali. Likitiwa maji huwa uji wa kujengea. Na ukutani, taratibu, uji huo huvuta tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Leo, uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa ni jambo linalokatazwa, kwa kuwa tanuri linaweza kuteketeza kwa siku chache mwamba uliochukua karne nyingi kukua.

Sababu nyingine ya kuilinda miamba hiyo inapatikana katika safu ya 2. Chini kidogo ya kalsiamu iko strontiamu, yenye elektroni mbili za nje kama kalsiamu. Kwa kuwa hufanana, tumbawe linapojenga mifupa yake huingiza pia atomu chache za strontiamu mahali pa kalsiamu. Kiasi kinachoingia hutegemea joto la maji: bahari ikipoa, strontiamu huongezeka, ikipata joto, hupungua. Tumbawe kubwa huongeza tabaka la takriban sentimita moja kwa mwaka, kama pete za mti. Mwanasayansi anayepima tabaka hizo anaweza kusoma joto la bahari la miaka ambayo hakuna aliyekuwa na kipimajoto.

Matumbawe ya Mafia yenyewe yamewahi kusomwa kwa njia inayokaribiana na hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipima aina mbili za oksijeni katika matumbawe ya visiwa hivyo na kutoa kumbukumbu za hali ya bahari za kuanzia mwaka 1622 hadi 1722, na 1896 hadi 1998. Aina zote mbili zina protoni nane na hukaa katika chumba kimoja cha jedwali. Tofauti yake ni nyutroni, moja ikiwa nazo nane na nyingine kumi. Hapa inaonekana tena kwa nini namba ya protoni, wala si uzito, ndiyo msingi wa jedwali: atomu mbili zenye uzito tofauti zinaweza kuwa elementi ile ile.

Kumbukumbu hiyo ya pili inaishia mwaka 1998, mwaka ambao joto la Bahari ya Hindi lilipanda kupita kiasi na kusababisha matumbawe mengi ya Mafia kupauka na kufa katika baadhi ya miamba. Tumbawe linalokufa huacha kuandika. Kila mwamba unaovunjwa kwa baruti, nanga au uchimbaji ni maskani ya samaki yaliyopotea, na pia ni kitabu cha kumbukumbu za nchi kilichochanwa.

Sarafu za kale na madini ya leo

Jedwali linaeleza pia mambo ya biashara. Katika visiwa vya Mafia zimepatikana sarafu za kale za shaba za aina iliyotengenezwa Kilwa. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ziligunduliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu. Shaba, fedha na dhahabu zimekaa katika safu moja, ya 11, moja juu ya nyingine. Zote ni laini kiasi cha kugongwa chapa na haziharibiwi kwa urahisi na maji au hewa, na uimara huo huongezeka kadiri mtu anavyoshuka: shaba huota kutu ya kijani, fedha hupoteza mng'ao, dhahabu hubaki kama ilivyo. Wafanyabiashara wa mwambao walizichagua kwa uzoefu. Jedwali limeeleza sababu.

Vivyo hivyo kwa taarifa za sasa kuhusu rasilimali za taifa. Heliamu, ambayo kugunduliwa kwa akiba yake katika Bonde la Rukwa kulitangazwa mwaka 2016, iko katika safu ya 18 ya gesi ambazo tabaka lake la nje limekamilika. Haiungani na kitu, haiwaki, na ikiwa kimiminika chenye ubaridi mkubwa hupoza mashine za uchunguzi hospitalini. Kinywe cha Mahenge ni kaboni, iliyoko safu ya 14 juu ya silikoni. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, hutumika katika betri. Madini adimu ya Ngualla, mkoani Songwe, yanatoka katika mstari unaochorwa chini ya jedwali, ambamo majirani hufanana tabia kiasi kwamba hupatikana pamoja ardhini na kuyatenganisha ni kazi ngumu na ya gharama. Ndiyo maana thamani yake hutegemea sana uwezo wa kuyachakata, na si kuyachimba tu.

Mambo ya kuzingatia

Kwa kuwa iodini hupotea taratibu kutokana na unyevu, joto na mwanga, wananchi wanashauriwa kununua chumvi yenye maandishi yanayoonesha kuwa imeongezwa madini joto, kuihifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko mbali na jua na moto, na kuitia katika chakula mwishoni mwa mapishi. Kuongeza wingi wa chumvi si njia sahihi ya kupata madini joto zaidi, kwa kuwa chumvi nyingi huchangia shinikizo la juu la damu. Wazalishaji wadogo wa chumvi nao wanakumbushwa kwamba chumvi nyeupe na safi inaweza kukosa madini joto kabisa. Macho na ulimi haviwezi kuitambua tofauti hiyo, isipokuwa kipimo.

Wazazi na walimu, kwa upande wao, wana nafasi ya kuwaonesha vijana kuwa jedwali hilo halimo katika mtihani peke yake. Mwanafunzi wa Kilindoni, Chole au Jibondo ana maabara kubwa kuliko nyingi: maji ya bahari yenye safu ya 1 na ya 17, miamba iliyojengwa kwa safu ya 2, na mwani wa jamii ile iliyompa Courtois elementi namba 53. Akijua mahali kila moja ilipowekwa na sababu ya kuwekwa hapo, ataelewa pia kwa nini pakiti ya chumvi dukani ina maandishi yale madogo, na kwa nini mama yake mjamzito hapaswi kuyapuuza.